Aliyelipia Shimo Alipata Shimo

Wabelgiji walipofunga virago mwaka 1960, waliiachia Kongo mabwawa ya samaki zaidi ya 100,000. Mengi yalichimbwa kwa jembe na koleo katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1949 wataalamu wa Kiingereza na wa Kibelgiji walikutana Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kuzungumzia samaki wa kufugwa tu, na kituo cha utafiti cha Kipopo, nje kidogo ya mji huo, kikapata jina kwa kumsoma tilapia kuanzia yai hadi sahani. Kwa karatasi, ulikuwa ushindi. Miaka michache baada ya uhuru sehemu kubwa ya mabwawa hayo ilikuwa imerudi kuwa majani, matope na vyura.

Naileta habari hii mbele ya watu wa Kindu kwa sababu mazungumzo ya samaki wa kufugwa yamerudi, na safari hii yamevaa nguo mpya. Duniani linatembea neno la ufugaji wa baharini: vifaranga vinamwagwa katika maji ya wazi, vinajengewa miamba ya kubuni vijifiche na kula humo, kisha wenyewe wanakuja kuvuna. Uchina imekuwa ikitangaza maeneo ya mfano ya kitaifa kwa kazi hiyo tangu 2015, na fedha za serikali ndizo zinazolipia miamba. Maneno yanayoandamana na neno hilo ni matamu: motisha, msamaha wa kodi, mazingira, uchumi wa buluu.

Kindu haina bahari. Ukiitazama ramani utaona imekaa karibu katikati kabisa ya bahari mbili: Muanda upande wa magharibi, ambako Kongo ina pwani yake yote ya kilomita 40 hivi, na Dar es Salaam upande wa mashariki, kila moja ikiwa umbali wa kilomita kama 1,500 kwa mruko wa ndege. Bahari yetu ni Lualaba. Wagenia wameuvua mto huu tangu kabla ya Waarabu wa Nyangwe na kabla ya reli. Hata hivyo sokoni utakuta ndagala wakavu waliovuliwa Tanganyika wakaja kwa treni kupitia Kabalo na Kongolo, utakuta makayabu yaliyotiwa chumvi mbali kabisa na hapa, na samaki wa Lualaba mwenyewe, aliyekaushwa kwa moshi, mama wa nyumbani anamtazama mara mbili kabla ya kuuliza bei. Mji wenye mto namna hii una haki ya kutaka samaki zaidi. Swali langu ni Leta, yaani serikali, italipia nini ili samaki hao wapatikane, maana historia inaonyesha kwamba kile kinacholipiwa ndicho kinachopatikana, wala hakiji kingine.

Turudi kwa Bula Matari, serikali ya kikoloni. Yeye hakulipia kitu: aliamuru. Sheria ya kikoloni iliwalazimisha wanavijiji kufanya kazi zilizoitwa za elimu hadi siku 60 kwa mwaka, na wakati wa vita zikaongezwa zikafika 120. Maniema iliijua amri hiyo vizuri, kwani ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza za Kongo kulimishwa pamba kwa lazima, mwaka 1917. Baadaye ukaja mpunga. Bwawa la samaki lilipokuja nyuma ya pamba na mpunga lilikuta watu wamekwisha kujua maana ya kazi ya mzungu: unaifanya ili usifungwe, kisha unaiacha pale alipoishia kuitazama. Afisa alipita na daftari, akahesabu mabwawa, akaandika idadi. Idadi ikapanda kila mwaka. Aliyeandika hakuulizwa kilo ngapi zimeliwa.

Kulikuwa na tatizo la pili, nalo ni la samaki mwenyewe. Tilapia huzaa mapema mno. Akiwa na miezi mitatu au minne bwawani anaweza kuanza kutaga, tena jike huwalinda watoto mdomoni, kwa hiyo wengi hupona. Ukitia vifaranga 600 katika bwawa la ari tatu (mita za mraba 300), usipovuna kwa wakati, baada ya mwaka una maelfu ya samaki wanaogombea chakula kile kile, na wote wamedumaa wakiwa na urefu wa kidole. Mwenye bwawa anayejua atavua kila baada ya miezi sita, atakausha bwawa, atapanga upya vifaranga wa umri mmoja. Asiyejua ataona vidole vinaogelea, atasema samaki wa bwawa hawafai, na atarudi mtoni. Elimu hiyo ilikuwepo Kipopo na katika vitabu. Kijijini ilifika amri ya kuchimba.

Tatizo la tatu lilikuwa vifaranga. Vilitoka katika vituo vya serikali. Serikali ilipoyumba, vituo vikanyamaza. Huku kwetu mambo yaliharibika haraka zaidi: waasi wa Simba waliingia Kindu Julai 1964, mji ukachukuliwa tena Novemba 5 mwaka huo huo, na katikati ya hapo watu walikuwa msituni wakijificha. Nani angekaa kupima mbolea ya bwawa?

Tuseme kijana wa huduma ya kilimo anapita kijijini miaka kumi baadaye na kukuta shimo la mstatili limejaa mafunjo.

“Jambo, papa. Hili bwawa ni la nani?”

“La Leta, mwanangu.”

“Na samaki wake?”

“Leta hakurudi kuwaangalia. Tukawala.”

Mzee huyo hana kosa hata kidogo. Alichimbishwa, hakuambiwa kwamba alichokichimba ni chake. Samaki waliomo aliwaona kama mbuzi aliyepotea njia akaingia uani.

Mfano wa pili unatoka Kasai, na ni wa kutia moyo zaidi, ndiyo maana hutajwa mara chache. Katika miaka ya 1970 na 1980 vijana wa Kimarekani wa Peace Corps walizunguka vijiji vya Zaire kwa pikipiki wakifundisha ufugaji wa tilapia. Mmoja wao, Mike Tidwell, alikaa Kalambayi katikati ya miaka ya 1980 na baadaye akaandika kitabu, The Ponds of Kalambayi, kilichotoka mwaka 1990. Utaratibu wao ulikuwa mgumu kwa makusudi: mkulima anachimba mwenyewe, kwa nguvu zake, bila malipo. Anayechimba hadi mwisho ndiye anayepata vifaranga na mafunzo. Aliyechoka katikati anabaki na nusu shimo lake na hakuna anayemlaumu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono na macho. Kwenye kona ya bwawa unasimamisha uzio wa vijiti, ndani yake unatupa majani ya muhogo, mavi ya mbuzi, jivu, takataka za jikoni. Maji yanageuka kijani. Kijani hicho ndicho chakula. Kupima kama kinatosha hakuhitaji mashine: mfugaji anachuchumaa ukingoni, anazamisha mkono taratibu akitazama kiganja. Kiganja kikipotea machoni pale maji yanapofika kwenye kiwiko, chakula kipo. Kikionekana hata maji yakipita kiwiko, ongeza mbolea. Kikipotea mapema, karibu na kifundo cha mkono, acha kabisa, kwani usiku kijani hicho kitavuta hewa yote ya majini na asubuhi utakuta samaki wanahema juu ya maji midomo wazi. Kwa Maniema ningeongeza pumba za mpunga, zinazorundikana kwenye mashine za kukoboa.

Kuna jambo lililomkera Tidwell, naye amelieleza bila kujificha. Siku ya kuvuna walikuja shemeji, wajomba, majirani, na mkulima akagawa samaki kwa wingi badala ya kuuza. Mgeni aliona biashara inaharibika. Alichukua muda kuelewa kwamba kugawa ndiko kulikomfanya mkulima aheshimiwe na alindiwe bwawa lake, na kwamba bwawa lisilo na cha kugawa lingeibiwa. Anayepanga motisha ya ufugaji huku kwetu asipohesabu sahani ya ukoo katika mahesabu yake, mahesabu hayo ni ya nchi nyingine. Mpango ule ulikatika Septemba 1991, askari walipopora Kinshasa na miji mingine na wageni wakaondolewa nchini. Lakini bwawa lililochimbwa na mwenyewe, kwa ajili ya kulisha watu wake, lina sababu ya kuendelea hata pikipiki ya mwalimu isiporudi. Bwawa la amri halina.

Sasa twende Kenya, maana huko ndiko serikali ya Kiafrika, si ya kikoloni, ilikojaribu kulipia kila kitu, tena kwa nia njema. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 na msukosuko wa uchumi wa dunia, serikali ya Nairobi ilitangaza mwaka 2009 mpango wa kuchochea uchumi. Sehemu yake moja ilikuwa samaki: mabwawa 200 katika kila jimbo la uchaguzi, katika majimbo 140, kila bwawa mita za mraba 300. Vijana walilipwa kuchimba. Vifaranga vilitolewa, chakula cha kuanzia kikatolewa.

Lengo la kwanza lilikuwa kutia fedha mifukoni mwa vijana, na kwa lengo hilo mpango ulifaulu: waliochimba walilipwa. Ufugaji wa samaki nchini ulipaa kutoka tani elfu chache hadi tani 24,000 hivi mwaka 2014. Kisha ukateremka. Mwaka 2016 ulikuwa chini ya tani 15,000 na uliendelea kushuka mwaka uliofuata. Sababu zake ukizisoma ni kama unasoma habari ya Kongo ya 1960 iliyoandikwa upya. Mabwawa yaligawiwa kwa usawa wa kisiasa, kila mbunge apate yake, hata pale ambapo ardhi haishiki maji na ilibidi kutandika plastiki. Chakula cha samaki kilipokoma kutolewa, bei yake dukani ilimshinda mkulima. Vifaranga vya hali ya chini viliuzwa kama bora. Na siku ya kuvuna, mkulima wa Kenya alikuta sokoni tilapia wa Uchina aliyegandishwa, wa bei nafuu kuliko gharama zake. Mwaka 2018 jambo hilo lilifika hadi kwa rais wa nchi.

Wakenya wenye fedha hawakukata tamaa, walihamia ziwani. Kufikia 2017 Ziwa Victoria upande wa Kenya lilikuwa na vizimba vya samaki zaidi ya 3,000, na vingi vilitangulia kanuni za kuvisimamia. Kizimba ni wavu ulioning'inizwa majini, samaki ndani, chakula kinatupwa juu. Kisicholiwa na mavi ya samaki vinazama. Ukikiweka mahali penye kina kirefu na mkondo, uchafu unasambaa. Ukikiweka karibu na ufuko, kwenye ghuba tulivu, kwa sababu ni rahisi kukilinda usiku, uchafu unakaa chini ukioza na kula hewa ya maji. Upepo ukigeuka, maji ya chini yasiyo na hewa yanapanda. Mwishoni mwa 2022 wafugaji wa upande wa Kisumu waliamka wakakuta samaki wao wameelea tumbo juu, mizigo kwa mizigo. Wengine walikuwa na mikopo ya benki.

Hapa ndipo kanuni na motisha vinapokutana, na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea kwa kuvitenga. Tunadhani kanuni ni fimbo ya wizara ya mazingira na motisha ni peremende ya wizara ya fedha. Norway, inayofuga samoni baharini kuliko nchi nyingine yoyote, iliviunganisha mwaka 2017. Pwani imegawanywa katika maeneo 13 ya uzalishaji. Wanasayansi wanapima madhara ya chawa wa samaki kwa samoni wa porini katika kila eneo. Eneo lililo salama linapewa taa ya kijani, na wafugaji wake wanaruhusiwa kuongeza uzalishaji kwa asilimia 6. Taa ya njano inawabakiza walipo. Taa nyekundu inaweza kuwapunguzia asilimia 6. Mfugaji wa eneo la kijani amepewa zawadi bila serikali kutoa hata senti, na jirani anayechafua anawagharimu wenzake wote, kwa hiyo wanamchunga wao wenyewe. Kampuni zimeipeleka serikali mahakamani kwa ajili ya utaratibu huo, tena si mara moja, lakini haujafutwa. Kinacholipiwa pale ni hali ya maji.

Sasa Kongo. Usidhani hatuna sheria. Tunazo, na nyingine ni nzuri. Kanuni ya Uwekezaji ya Februari 21, 2002, inayosimamiwa na ANAPI, shirika la serikali la kukuza uwekezaji, imeigawa nchi katika kanda tatu za msamaha wa kodi. Kinshasa inapata miaka mitatu. Bas-Congo ya zamani pamoja na Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, miaka minne. Sehemu zote zilizobaki, Maniema ikiwemo, miaka mitano, kwa kuwa mwekezaji anayekuja huku anahesabiwa kuwa jasiri. Biashara ndogo na ya kati inakubaliwa kuanzia mtaji wa dola 10,000. Anayeomba anatakiwa kuahidi kuheshimu kanuni za mazingira na kufundisha wafanyakazi wa nchi. Sheria ya kilimo ya Desemba 24, 2011, nayo imesamehe ushuru wa forodha kwa pembejeo zinazotoka nje. Sheria ya mazingira ya Julai mwaka huo huo inadai uchunguzi wa athari kabla ya mradi wenye madhara kuanza. Uvuvi peke yake ndio ulioachwa nyuma: kwa miongo mingi baada ya uhuru umeendelea kutegemea dikrii ya Aprili 21, 1937, iliyoandikwa kwa ajili ya koloni.

Sasa mtafute mfugaji wa kweli wa samaki wa Kindu, yule wa Mikelenge au Alunguli mwenye bwawa moja bondeni, na umwulize sheria hizo zinampa nini. Dola 10,000 hana. Msamaha wa forodha haumgusi, kwani yeye haagizi kitu kutoka nje: koleo amelinunua sokoni, pumba amepata kwenye mashine ya mpunga, vifaranga amebebewa na binamu kwenye ndoo. Motisha nzima ya nchi imeandikwa kwa mtu anayepokea kontena bandarini. Kwa hiyo atakayenufaika ni yule atakayeleta mashine za kuchimba na chakula cha samaki cha viwandani, na baada ya miaka mitano ya msamaha atakuwa na sababu nzuri ya kufunga na kufungua kampuni nyingine kwa jina jingine. Huo si uzushi wa Kongo peke yake, kila nchi yenye msamaha wa kodi wa muda inaijua mbinu hiyo.

Na kile kinachomkandamiza mfugaji mdogo hakimo katika sheria ya uwekezaji. Kimo njiani. Kutoka bwawani hadi sokoni, au kwa mtumbwi kutoka kijiji cha chini ya mto hadi bandari ya Kindu, kuna barieri, na kila barieri ina mtu mwenye kijitabu cha risiti au asiyekuwa nacho. Kuna anayetoza kwa jina la uvuvi, kuna wa ufugaji wa majini, kuna wa mazingira, kuna wa usafi, kuna wa usalama. Samaki ni mali inayooza, na anayekushika anajua hivyo, ndiyo maana anakuwa na subira kuliko wewe. Katiba ya 2006 imeyapa majimbo jukumu la kuzitekeleza sheria za kitaifa za kilimo, uvuvi na mazingira. Basi motisha ya bei rahisi kuliko zote iko mikononi mwa jimbo lenyewe: ushuru mmoja, mahali pamoja, risiti moja, na samaki aliyelipiwa apite hadi sokoni. Hakuna mfadhili anayehitajika. Sitashangaa kama ndiyo motisha itakayokuwa ngumu kuliko zote kupatikana, kwa sababu waliopo kwenye barieri nao wana watoto.

Lipo pia suala la kumwaga vifaranga mtoni, ambalo ndilo hasa ufugaji wa baharini ukiletwa Lualaba. Hili tulilishuhudia kwa jirani. Kati ya 1958 na 1960 Wabelgiji walichukua samaki wadogo wa Tanganyika wakawamwaga Ziwa Kivu, ambalo katikati yake halikuwa na samaki wa namna hiyo. Leo ndiye sambaza, kitoweo cha Goma na Bukavu, anayevuliwa usiku kwa taa na mitumbwi iliyofungwa pamoja. Mpango huo ulifaulu kuliko mabwawa yote 100,000, na haukumlipa mtu kuchimba chochote. Lakini angalia ugumu ulikohamia. Sambaza hana mwenyewe. Akiwa mdogo hukaa karibu na ufuko, na chandarua cha mbu kinamzoa kabla hajazaa. Rwanda hufunga uvuvi wake kwa muda kila mwaka, lakini ziwa ni moja, na anayefunga upande mmoja anamnenepeshea anayevua upande wa pili. Kivu haihitaji fedha za vifaranga. Inahitaji makubaliano, na watu wa kuyasimamia usiku.

Wala si kila mgeni majini huwa na tabia ya sambaza. Sangara aliyeingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 aliwamaliza mamia ya aina za samaki wadogo wa ziwa lile. Ni samaki yule yule tunayemwita kapiteni katika mto Kongo, ambako amekaa na wenzake tangu zamani bila kumaliza mtu. Kwao ni raia, ugenini akawa janga. Gugu maji lilipofunika mto Kongo katika miaka ya 1950, watu wa chini ya mto walilipa jina la Kongo ya sika, Kongo mpya, na serikali ya kikoloni ikalimwagia sumu bila kulimaliza. Kwa hiyo mtu akija Kindu na mapipa ya vifaranga wanaokua haraka, swali la kwanza ni wametoka mto gani. Mafuriko ya Lualaba hayatambui ukingo wa bwawa. Kilichofugwa bondeni leo kitakuwa mtoni mvua kubwa ikinyesha.

Ningekuwa na sauti katika jimbo, fedha za samaki nisingeziweka kwenye kuchimba hata franka moja. Ningelipia kituo kidogo cha vifaranga wa samaki wa mto wetu wenyewe, kinachoendeshwa na mtu anayeishi kwa kuviuza, si kwa mshahara unaochelewa miezi. Ningemlipa mwalimu mwenye pikipiki, na malipo yake yangefuata mabwawa yaliyovunwa mara ya pili na ya tatu, maana mavuno ya kwanza hata amri ya kikoloni iliyapata. Ningeruhusu vizimba mtoni pale tu penye kina na mkondo, kwa kibali cha muda mfupi kinachorefushwa kama maji ya chini ya kizimba bado yana hewa, na matokeo ya kipimo yangebandikwa ukutani bandarini, kila mvuvi ayasome. Mvuvi wa Kigenia aliyezuiwa kutumia chandarua ningempa wavu wa matundu halali siku hiyo hiyo. Na vizuizi vya njiani ningeanza navyo kabla ya yote hayo.

Hayo hayatapendeza katika picha. Shimo jipya lenye maji, gavana ameshika koleo, wanawake wanaimba, ni picha nzuri. Mkulima anayekausha bwawa lake kwa mara ya tatu hana mpiga picha. Ndiyo maana mabwawa hujengwa karibu na ziara na hufa mbali nazo.

Mjumbe wa Bunge la Jimbo anayesoma haya, au kiongozi wa kikundi cha Kasuku, Kasongo au Kibombo aliyeahidiwa mradi: usiulize mabwawa yatakuwa mangapi. Uliza vifaranga vya mwaka wa pili vitatoka wapi, nani atavilipia, na siku ile maji yakiharibika nani mwenye mamlaka ya kusema simama. Ukikosa majibu ya maswali hayo, usitie sahihi.